Asiyekubali kushindwa si mshindani: Kaunda wa 1991, na habari za anayeshinda ambazo hatuzisemi

Mwana wa Tunduma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi, ausome jioni akishatulia.

Kila uchaguzi ukiisha, uwe wa kwetu au wa majirani, msemo ni uleule: asiyekubali kushindwa si mshindani. Anarushiwa aliyeshindwa, na akiukubali tunamsifu siku tatu, kisha tunamsahau. Mimi siupingi huo msemo. Ila nimezaliwa Tunduma na nimekulia hapo, na nchi iliyotufundisha habari hizi sisi wa mpakani ni Zambia. Imetufundisha jinsi ya kushindwa. Imetuonyesha pia kinachompata mtu akishakubali kushindwa, na hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano. Mzee wangu alikuwa mtu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, stesheni. Kwa asiyeijua Tunduma: ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka, ng'ambo panaitwa Nakonde. Kinyamwanga kinazungumzwa huku na huko, shangazi zangu wawili wameolewa kule, na unga na sukari vinavuka kufuata bei ilipo. Kwa hiyo Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, hakuwa rais wa kigeni kwetu. Picha yake na ile leso nyeupe ilikuwa sebuleni kwa shangazi. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ile iliyonilisha na kunisomesha, aliipigania yeye na Mwalimu mpaka Wachina wakaijenga. Wazee wa stesheni walimtaja kwa heshima ileile waliyompa Mwalimu.

Lakini hakuwa malaika, na sitaki mtu aje kunisomea historia hapa chini. Mwaka 1972 alifuta vyama vingine akabaki na chama chake cha UNIP peke yake. Simon Kapwepwe, rafiki yake tangu utotoni, alimweka kizuizini. Frederick Chiluba, kiongozi wa wafanyakazi, naye aliwekwa ndani mwaka 1981. Uchumi ulipoanguka pamoja na bei ya shaba, watu walichoka. Juni 1990 bei ya unga wa mahindi ilipanda kwa mkupuo mmoja, Lusaka ikalipuka, watu wakafa. Siku chache baadaye, Juni 30, luteni mmoja aitwaye Mwamba Luchembe akaingia redioni akatangaza kuwa jeshi limeshika nchi. Halikuwa limeshika chochote, na alikamatwa baada ya saa chache, lakini watu walikuwa wameshamiminika barabarani kushangilia. Nafikiri siku ile Kaunda alijua. Ukiona watu wako wanashangilia habari ya kuondoka kwako kabla hata hawajajua kama ni ya kweli, huhitaji mshauri.

Muda wake ulikuwa unaishia 1993. Angeweza kung'ang'ania. Desemba 1990 akaruhusu vyama vingi, akakata muda wake mwenyewe, na Oktoba 31, 1991 watu wakapiga kura.

Matokeo tuliyasikia redioni, Mzee kaegemeza sikio kwenye spika. Chiluba kura 76 katika kila 100. Chama chake cha MMD viti 125 kati ya 150. UNIP wakabaki na 25, vingi vya Mkoa wa Mashariki. Hata Kaskazini, alikozaliwa Kaunda pale misheni ya Lubwa karibu na Chinsali, walimwacha. Miaka 27 Ikulu, na wa nyumbani kwake wamemwambia basi.

Akaenda kwenye televisheni akakubali. Novemba 2 Chiluba akaapishwa. Siku mbili tu baada ya kura! Hakukuwa na risasi wala mahakama, na hakuna aliyekimbia kuvuka kuja kwetu. Asubuhi yake wanawake wa Nakonde walivuka na vikapu kuja sokoni kama siku zote. Mzee alizima redio akasema, "Huyu ameshindwa kama mtu aliyelipa deni." Nilikuwa mtoto, sikumwelewa. Siku hizi namwelewa zaidi kila uchaguzi unapopita.

Watu husema alikuwa na moyo mkubwa. Sawa, alikuwa nao. Ila tusiisahau hesabu. Waangalizi walikuwepo, mmoja wa viongozi wao akiwa Jimmy Carter, na kulikuwa na hesabu ya pembeni iliyofanywa kwa sampuli ya vituo. Hiyo nayo ilikuwa inasema maneno yaleyale. Mtu akionyeshwa hesabu mbili zilizofanywa na watu wasiojuana na zikalingana, wapambe wake hawana tena pa kumdanganyia. Na wapambe ndio wabaya kuliko mgombea. Mgombea akishindwa anabaki na jina lake, mpambe anabaki na nini?

Sasa sehemu ya pili.

Mwaka 1996 serikali ya Chiluba ilibadilisha katiba: mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, baba yake alikuja kama mwalimu wa misheni. Kila mtu alijua kifungu kile kimeshonwa kwa kipimo cha nani. Agosti 1997 alipigwa risasi Kabwe kwenye mkutano wa upinzani, ikamkwaruza kichwani. Oktoba mwaka huohuo kukawa na jaribio la mapinduzi, na siku ya Krismasi polisi wakaja kumkamata. Mzee wa miaka 73. Aligoma kula. Mwalimu Nyerere alifunga safari kwenda kumwona gerezani na kumsihi ale. Naomba msomaji akae kidogo na picha hiyo: mwaka 1991 mtu amekabidhi nchi bila tone la damu, na miaka sita baadaye rafiki yake wa zamani anamsihi ale chakula cha gerezani.

Haikuishia hapo. Machi 1999 mahakama ya Ndola ikasema Kaunda si raia wa Zambia. Hana nchi. Baba wa taifa! Baadaye Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na nyie wa mbali hamwezi kujua neno lile lilipigaje hapa mpakani. Hapa nani hana bibi wa ng'ambo? Shangazi yangu alizaliwa upande huu, wanawe wakazaliwa upande ule. Wiki ile alikuwa anaulizia vyeti vya kuzaliwa vya wanawe kama mtu anayetafuta dawa ya mgonjwa.

Mwaka 2011 Rupiah Banda naye akashindwa na Michael Sata. Alikubali huku machozi yakimlenga, akasema watu wa Zambia wamezungumza na sote tuwasikilize. Machi 2013 Bunge likamvua kinga, akafikishwa mahakamani kwa kesi ya matumizi mabaya ya madaraka kuhusu mafuta ya Nigeria, na mwaka 2015 akaachiwa huru.

Mwaka 2021 Edgar Lungu akashindwa na Hakainde Hichilema, kura zaidi ya milioni 2.8 kwa milioni 1.8. Mwanzoni alisema uchaguzi haukuwa huru, akataja vurugu za mikoa mitatu. Baadaye alipooza, akakubali, akahudhuria kuapishwa kwa mwenzake Agosti 24 uwanja wa Heroes. Tusisahau kwamba huyuhuyu Hichilema alikaa ndani miezi minne mwaka 2017 kwa kesi ya uhaini, Lungu akiwa rais, chanzo kikiwa kupishana kwa misafara barabarani. Tuliona wamekaa jukwaa moja tukasema Zambia imekomaa. Juni 2025 Lungu akafariki Afrika Kusini. Familia ikasema hakutaka Hichilema ausogelee mwili wake. Serikali na familia wakafikishana mahakamani Pretoria wakigombea maiti.

Ndiyo maana nasema kushindwa kwa heshima ni kazi ya watu wawili. Tunamdai aliyeshindwa apige simu ya pongezi, na asipopiga tunamwita mroho. Aliyeshinda tunamdai nini? Kaunda alifanya lililo lake. Rais yeyote wa Afrika aliyeko madarakani anajua yaliyompata baada ya hapo, na usiku kura zinapojumlishwa hilo ndilo analolikumbuka.

Nawasilisha. Walioko Zambia, Malawi, Kenya na visiwani, naomba mjazie.

---

Jirani wa Eldoret

Mwana wa Tunduma, shukrani sana. Nijazie upande wa Kenya.

Desemba 2002 Uhuru Kenyatta alishindwa na Mzee Kibaki, na alikubali mapema, hesabu bado inamaliziwa. Desemba 30 Moi akaja Uhuru Park kukabidhi. Nilikuwa pale, kijana wa miaka 22, juu ya mabega ya rafiki yangu. Watu walimzomea Moi. Kuna waliorusha matope. Kibaki, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali, alisoma hotuba akisema anarithi nchi iliyoharibiwa na miaka ya utawala mbaya, na Moi amekaa hapo hapo anasikiliza. Hakuinuka akaondoka. Nilizomea pia siku ile, na ninaandika hili nikijua nilichofanya. Mtu alikuwa ametuumiza miaka 24, ni kweli, lakini siku ile alikuwa amekuja kutoa tulichokuwa tunakidai.

Miaka mitano baadaye, tarehe ileile, Desemba 30, 2007, Kibaki akaapishwa jioni ndani ya Ikulu, na kilichofuata mnakijua. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, laki sita wakahama makwao. Mimi ni wa huku Eldoret. Sitaeleza zaidi.

Kuhusu hesabu nakubaliana na wewe kabisa. Mwaka 2022 tume iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, kila mtu akiziona. Nyumbani kwetu tulikaa usiku tukijumlisha za wadi yetu kwa kalkuleta ya simu, na zikaja sawa. Ruto alipata asilimia 50.49, Raila 48.85. Raila hakukubali moyoni, alikwenda Mahakama ya Juu, na Septemba 5 iliposema, alisema anaiheshimu ingawa hakubaliani nayo. Watu walimcheka kwa "ingawa" ile. Mimi naona "ingawa" ndiyo iliyofanya tulale. Aliwapa wafuasi wake ruhusa ya kuumia bila kuwapa ruhusa ya kutoka na mawe. Na isitoshe, mahakama hiyo ilikuwa imewahi kumpa haki mwaka 2017, ilipofuta ushindi wa Uhuru. Mtu huheshimu mlango ambao uliwahi kumfungukia.

---

Mtu wa Wete

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Naona mzungumzaji kaenda Zambia kapita Zanzibar hakushuka. Mimi nitashuka.

Januari 2001 nilikuwa skuli ya sekondari. Watu waliuawa Pemba na Unguja katika maandamano, na sisi wengine tulipanda ngalawa usiku mpaka Shimoni, Kenya. Tulikuwa kiasi cha watu elfu mbili pale. Mama yangu alibeba Msahafu na sufuria, basi. Ndiyo ilikuwa hali yetu baada ya uchaguzi.

Miaka tisa ikapita. Novemba 2009 Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani, wakakutana Ikulu wakapatana. Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na thuluthi mbili tukasema ndiyo. Oktoba 31 uchaguzi. Matokeo yakatangazwa hoteli ya Bwawani: Dk. Ali Mohamed Shein kura 179,809, Maalim Seif 176,338. Fanyeni hesabu wenyewe. Tofauti ni 3,471, kura za shehia chache tu.

Sisi huku Wete tulikuwa barazani tunangoja neno lake. Kila mtu alijua akisema neno moja tu, tunarudi Shimoni. Akakubali. Alikuwepo palepale Bwawani na akampa mkono mwenzake. Kuna wazee walilia, na si kwa furaha, wala si wote waliomsamehe. Babu yangu mmoja hakumtaja kwa jina miezi mingi. Lakini mwaka ule hakuna mtoto wa Wete aliyelala baharini.

Ila naomba niseme hili kwa adabu. Maalim aliweza kukubali kwa sababu alijua kesho yake atakuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na watu wake watakuwa na mawaziri serikalini. Kushindwa hakukuwa kufa. Ikaja 2015 uchaguzi ukafutwa, Oktoba 28, kabla matokeo hayajamalizika kutangazwa. Sasa hapo unamwambia mtu akubali nini? Msemo wa asiyekubali kushindwa unamhusu aliyeshindana mpaka mwisho wa mchezo. Aliyetolewa uwanjani, au asiyeingizwa kabisa, hajashindwa. Msimpelekee msemo huo.

---

Mwana wa Tunduma

Mtu wa Wete, wa aleikum salaam, nimekusoma mara mbili. Nilijua nimeruka kisiwa, nikamwachia mwenye nacho. Kaunda alishindwa kwa pengo ambalo halina ubishi, ila kukubali tofauti ya kura 3,471 ni mlima wa aina nyingine kabisa. Mwingine aliyeupanda mlima kama huo namjua mmoja tu, Nana Akufo-Addo wa Ghana mwaka 2008, aliyekosa kwa kura kama 40,000 katika nchi nzima, akakubali.

Na la mwisho ulilosema naliweka kwenye uzi wangu kama sehemu yake. Tanzania Bara tangu 1995 hatujawahi kumwona rais aliyeko madarakani akishindwa, kwa hiyo hapa kwetu heshima hii tunaidai kwa watu wa upande mmoja tu, miaka yote. Si haki.

---

Mkazi wa Kasumulu

Mimi niko Kyela, nafanya biashara ya mchele na Karonga. Malawi nayo isisahaulike.

Uchaguzi wa 2019 mahakama yao iliufuta Februari 2020 kwa sababu fomu zilisahihishwa kwa wino mweupe, Wamalawi wenyewe wanauita uchaguzi wa Tipp-Ex. Wakarudia Juni, Lazarus Chakwera akamshinda Peter Mutharika aliyekuwa rais. Basi Septemba 2025 wakakutana tena watu walewale, safari hii Mutharika akashinda kwa asilimia karibu 57, Chakwera 33. Na Chakwera akaongea na taifa kabla tume haijatangaza, akasema pengo haliwezi kufutika, na kwamba amempigia mwenzake kumpongeza.

Mimi nilikuwa Karonga siku hiyo na mzigo wa magunia 40. Maduka yalikuwa nusu yamefungwa tangu asubuhi, watu wanaogopa. Alipomaliza kuongea, mwenye ghala akafungua mlango tukashusha. Ni hivyo tu. Mafuta yalikuwa hayapatikani, dola hakuna, unga ghali, watu walikuwa wamechoka naye, na yeye akaona. Nimeandika kwa sababu mnasema sana habari za Ikulu, na mimi nilitaka mjue kwamba hotuba ile kwangu ilikuwa magunia 40 ya mchele uliokuwa umeanza kupata joto.

---

Wakili wa Mwanjelwa

Uzi mzuri, lakini nina pingamizi kubwa na naomba nisieleweke vibaya.

Mwanzisha uzi anaelekea kusema rais akikubali kushindwa aachwe apumzike. Je, kama aliiba? Chiluba mwenyewe, aliyemtesa Kaunda, alivuliwa kinga na Bunge mwaka 2002 kwa ombi la Rais Mwanawasa, mrithi aliyemteua yeye mwenyewe. Tungesema aachwe? Wananchi wa Zambia walikosa dawa hospitalini. Heshima ya kuondoka isigeuke kuwa risiti ya kusamehewa mali ya umma. Tukifanya hivyo tunamlipa mtu kwa kufanya lililo wajibu wake wa kisheria. Kuondoka baada ya kushindwa si zawadi anayotupa.

Na upande wa pili tazameni Gambia. Desemba 2, 2016 Yahya Jammeh alimpigia Adama Barrow mbele ya kamera, akampongeza huku anacheka. Dunia ikashangaa. Siku chache baadaye kiongozi mmoja wa muungano ulioshinda akaliambia gazeti la Uingereza kwamba Jammeh atashtakiwa. Desemba 9 Jammeh akageuka, akayakataa matokeo aliyoyakubali. Barrow akaapishwa Januari 19 ndani ya ubalozi wa Gambia mjini Dakar, majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakaingia, ndipo Jammeh akaondoka Januari 21. Sasa niambieni, kosa lilikuwa la yule aliyesema ukweli mapema? Watu walikuwa wameteswa na kuuawa miaka 22. Wangoje mpaka lini kusema?

---

Mwana wa Tunduma

Wakili, pingamizi lako limenikosesha usingizi, nimechukua siku mbili kulijibu.

Sisemi waachwe. Kesi ya Banda naiona tofauti na ya Kaunda, na ningepaswa kuzitenganisha tangu mwanzo. Banda alipelekwa mbele ya hakimu kwa jambo lililotajwa, akajitetea, akaachiwa. Hiyo ni njia, hata kama nia ya walioianza sikuipenda. Kaunda alitungiwa kifungu cha katiba. Aliambiwa hana nchi. Huko si kumshtaki mtu kwa alichofanya, ni kumfuta. Mstari wangu uko hapo: mshtaki kwa mkono wake ulichogusa, usimguse uraia wake, kaburi lake, wala wanawe.

Kuhusu Gambia sina jibu safi. Aliyesema alikuwa na haki ya kusema, na walioteswa walikuwa na haki ya kusikia. Lakini nikiwa mama wa Banjul mwenye watoto wadogo wiki ile ya Desemba, ningetamani angengoja mpaka funguo zikabidhiwe. Najua nikisema hivyo namwomba aliyeumia awe mvumilivu tena, na ameshavumilia miaka 22. Naliacha hapo, kama una neno zaidi niongeze.

---

Binti wa Vwawa

Samahani wakubwa zangu, mimi ni mdogo humu. Nyote mnazungumzia marais. Kwetu vijijini tunaowaona ni madiwani na wenyeviti wa vijiji, na hao ndio tunaoishi nao mlango kwa mlango baada ya kura. Kaka yangu hadi leo hasalimiani na jirani kwa sababu ya kura za maoni za ndani ya chama, si hata uchaguzi wenyewe. Mwana wa Tunduma, kwenu hamjawahi kuwa na mgombea?

---

Mwana wa Tunduma

Binti wa Vwawa, humu hakuna mdogo. Na umegusa penyewe.

Mjomba wangu aligombea udiwani. Chama sitakitaja wala mwaka. Alikopa kwa watu wawili, akauza ng'ombe watatu, akakodi gari la matangazo, akawalisha mawakala. Alishindwa kwa kura sitini na kitu. Usiku ule kijana mmoja wa kundi lake alikuja na habari kwamba kura zimechakachuliwa kituo cha shuleni, na akasema vijana wako tayari. Tayari kwa nini, hakusema, ila wote tulielewa. Mjomba aliomba fomu za mawakala wake, kila moja, akazitandaza kitandani, akatuita tumsomee kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Tulijumlisha mara tatu. Mara tatu zikaja zilezile. Akamwambia yule kijana aende akalale.

Alfajiri aliniamsha nimsindikize kwa aliyemshinda. Njia nzima hakusema kitu. Tulipofika, nyumba imejaa watu, ngoma bado inalia, na walipomwona wakaanza kumwimbia wimbo wa kejeli. Yule mshindi alitoka ndani amevaa kaptula, akawanyamazisha kwa ukali sana, akamshika mjomba mkono akamwingiza chumba cha ndani, akatuletea chai yeye mwenyewe. Hawakuongea siasa. Aliulizia ng'ombe. Alijua kwamba ameuza watatu.

Mjomba aliniambia miaka baadaye kwamba kilichomuuma zaidi hakikuwa kura wala deni. Kilichomuuma ni ule wimbo, na kilichomponya ni yule mtu kuwanyamazisha watu wake mwenyewe asubuhi ya ushindi wao. Alisema yule mshindi angemwacha aimbiwe hata dakika tano zaidi, yeye asingeweza kuwazuia vijana wake.

Zambia wamepangiwa kupiga kura Agosti 13, 2026. Hichilema atakuwa ndiye aliyeko madarakani safari hii. Nitakuwa Nakonde kwa shangazi. Matokeo ya kituo yakibandikwa pale nje nitayanakili, na nitayaleta humu humu tuyalinganishe na yatakayosomwa Lusaka. Wa Mbala, Kasama na Chinsali, mkiweza fanyeni hivyohivyo.